Ndege Wawili, Namba Mbili

Kitabu changu cha ndege nilikichagua mwenyewe, na nilikichagua vizuri. Naanza na hilo kwa sababu watu wa kwetu waliosikia habari hii nusu nusu walisema kitabu ndicho kilichotukosesha. Kitabu hakijanikosea hata siku moja. Kina ganda la kijani lililochakaa, kinanuka moshi wa jikoni kwangu, na kila kilichoandikwa humo ni kweli. Uongo ulikuja na mdomo wa mtu.

Kitabu hicho alinipa mkunga mmoja wa Kizungu, mwanamke mrefu mwenye miguu myembamba, aliyekuwa kwenye zahanati ya misheni tangu kabla ya vita ya Amini. Mtoto wangu wa mwisho alimpokea yeye. Jumapili alasiri alikuwa anateremka bondeni, huku kwetu Kibingo, na darubini shingoni, kutazama ndege kwenye mafunjo. Bonde lile ukikanyaga vibaya linakumeza hadi kiunoni. Siku moja nilimkuta ameshazama mguu mmoja, kiatu kimebaki chini, anacheka peke yake. Nilimvuta. Tangu siku hiyo nikawa natangulia mbele kumwonyesha pa kukanyaga, kwa sababu mimi nilikuwa nakwenda kule kila juma kukata mafunjo ya mikeka.

Yeye ndiye aliyenifundisha. Mimi shule niliishia darasa la pili, nikatolewa nilee wadogo zangu. Kusoma Kiswahili na kuandika nilijifunza ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, chini ya paa la ghala la kahawa. Kiingereza sikijui. Lakini ndege niliwajua, ila niliwajua kama unavyomjua mtu unayepishana naye njiani: unamsalimu, hujui kwao wapi.

Mkunga alikuwa mkali. Mara ya kwanza nilipoona ndege nisiyemjua nilikimbilia kitabu chake, naye akakifunga kwa kiganja. "Kitabu hakiruki," alisema kwa Kiswahili chake kilichokatika katika. "Ndege anaruka. Tazama ndege kwanza." Kwa hiyo nilijifunza kutazama. Ana ukubwa gani, amempita njiwa au hajampita? Mdomo mnene wa kuvunja mbegu au mwembamba wa kuokota wadudu? Miguu rangi gani? Mkia unafanya kazi gani? Yuko juu ya mti, kwenye maji au uani kwa watu? Yuko peke yake au ana mwenzake? Akisharuka, unajisemea yote hayo tena kwa mdomo, ndipo unafungua kitabu. Ukifungua kabla, macho yataona kile kilichochorwa badala ya kile kilichokuwa mbele yako.

Alipokuwa anarudi kwao aliweka vitabu viwili mezani akaniambia nichukue kimoja. Kimoja kilikuwa kikubwa, cha picha za kamera, kinang'aa kama sahani mpya. Kingine kidogo, kinene, cha michoro. Mzee wangu, yaani mume wangu, alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Chukua hicho cha picha," alininong'oneza. "Hicho kingine ni michoro ya watoto."

Nilichukua cha michoro. Picha ya kamera inakuonyesha ndege mmoja, siku moja, jua lilivyompiga siku hiyo. Kama alikuwa kivulini, basi wewe utadhani ni mweusi maisha yake yote. Mchoraji amewapanga wale wanaofanana wote kwenye ukurasa mmoja, wanatazama upande mmoja, ili uone huyu amemzidi yule nini. Tena kila ndege ana namba yake ubavuni, na ukurasa wa mkabala namba ile ile ina maneno yake. Namba nilizijua. Pale ambapo dume na jike hawafanani, wamechorwa wawili chini ya namba moja, na kila mmoja ana kialama: dume ana kiduara chenye mshale, jike kiduara chenye msalaba chini. Hilo mkunga alinirudisha mara tatu hadi nikalisema bila kufikiri. Namba moja, ndege mmoja. Namba mbili, ndege wawili.

Mzee alikasirika kidogo halafu akasahau. Yeye alikuwa amefanya kazi ujanani kwenye machimbo ya bati ya Kyerwa, chini ya Wazungu, na kwetu alijulikana kuwa mtu wa Kiingereza. Kanisani ndiye aliyekuwa anasoma neno, na sauti yake ilikuwa nzuri, nzito, isiyokimbia. Nilipokuwa narudi bondeni na ndege kichwani mwangu, tulikaa barazani, mimi nachambua maharage, yeye na kitabu na kamusi aliyonunua Bukoba. Ananisomea, halafu anaandika Kiswahili kwa penseli juu ya maneno ya Kiingereza, herufi ndogo ndogo, amekandamiza sana kama mtu anayechonga. "Hula wadudu." "Hujenga juu ya maji." "Sauti yake kama kifuniko cha sufuria." Hilo la kifuniko nilijua amelitunga, nikacheka, naye akacheka. Nilikuwa najiambia, katika wanawake wote wa hapa, yupi mume wake anamwandikia ndani ya kitabu cha ndege? Nilijivuna. Naliandika hilo ili ijulikane nilianguka kutoka wapi.

Bondeni sikuwa peke yangu. Nilikuwa na mwenzangu, mwanamke aliyekuja na mumewe kutoka ng'ambo ya mto Kagera, kwenye vurugu za zamani za huko kwao. Mumewe alianza kwa kulima vibanja vya watu, yaani mashamba ya migomba, akapewa kipande kidogo pembeni kabisa mwa bonde, mahali ambapo migomba inaota kwa kusitasita. Walikuwa Wakristo kama sisi, benchi la nyuma. Mwenzangu huyu ndege aliwajua kwa masikio. Alikuwa amenipa mgongo, anakata mafunjo, anasema, "Huyo ni yule mwekundu kifuani, yuko na jike lake, mmoja anaanza wimbo mwingine anamalizia." Naye hajageuka. Mimi nafungua kurasa.

"Wewe na kitabu chako," aliniambia. "Ndege ameshaimba, ameshataga, ameshalea, wewe bado unatafuta ukurasa."

"Na wewe utamwambia nani unayoyajua? Hujaandika popote."

"Nitakuambia wewe. Wewe ndiye daftari langu, dada."

Alikuwa na kijana fundi wa kuchoma matofali. Mimi nilikuwa na binti yangu wa pili, mrefu, mkimya, aliyekuwa anakuja nami bondeni na kuona haraka kuliko mimi. Hao wawili walipendana, na sisi mama zao tulijua kabla wao hawajajua. Kijana akatuma mshenga. Mimi nilifurahi, na mwenzangu akaanza kuniita mkwe kwa utani hata kabla ya siku kupangwa.

Sasa, kwetu mshenga akija hapokewi kwa maneno ya mahari kwanza. Anaulizwa muziro. Kila ukoo una muziro wake, mnyama au ndege au kitu ambacho hawakigusi, hawakiui, hawakili. Watu wenye muziro mmoja ni ndugu, hata kama hawajawahi kuonana, na ndugu hawaoani. Mtoto anachukua muziro wa baba. Mwanamke akiolewa anabeba miwili: ule wa baba yake hauachi, na ule wa mumewe anaanza kuutunza siku anapoingia nyumbani kwake. Mchungaji alikuwa anasema mambo hayo yalikwisha. Wazee walimwitikia amina, wakaenda nyumbani wakauliza muziro.

Muziro wa ukoo wa mume wangu ni ndege mdogo wa bondeni, wa kijivu, kifua kimevaa kamba nyeusi kama shanga, anayetembea pembezoni mwa maji huku anatikisa mkia juu na chini bila kupumzika. Wakimkuta amekufa wanamzika kwenye jani la mgomba, na siku hiyo hakuna anayeshika jembe.

Siku ya wageni tulikaa barazani, rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwenye kibuyu katikati. Baba mdogo wa mume wangu, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo, akauliza. Mume wa mwenzangu akajibu kwa heshima kwamba muziro wao ni yule ndege wa uani, mweusi na mweupe, anayetikisa mkia.

Baba mdogo aliweka mrija chini. "Anayetikisa mkia?"

"Ndiyo, mzee."

"Wetu pia anatikisa mkia."

"Wenu ni wa kijivu, mzee. Yuko bondeni. Wetu anakaa na watu, anatembea mlangoni kama mwenye nyumba."

"Nguo tu hizo. Hata mimi bondeni sivai ninachovaa hapa."

Watu wakacheka, lakini kicheko kilikuwa chepesi. Wengine wakasema ni ndege mmoja, wengine wakasema ni wawili. Kelele zikapanda. Ndipo mume wa mwenzangu, masikini, akasema neno aliloona litatusaidia sote. "Nyumba hii ina kitabu. Kitabu hakina ukoo. Kisomwe."

Mume wangu alisema maneno ya Kiingereza hayataki haraka, wampe juma moja asome vizuri. Juma lile kitabu kilikaa kwake. Sikukiomba. Niliona anakaa nacho nyuma ya nyumba, chini ya mibuni, na nilifurahi kwamba anaichukulia kazi kwa uzito.

Jumapili iliyofuata walirudi wote. Mume wangu alivaa koti la kanisani. Alifungua ukurasa, akaupitisha ili kila mtu aone wale ndege wawili waliochorwa juu na chini, mweusi na mweupe, na wa kijivu mwenye kamba kifuani. Halafu akasoma, kwa sauti ile ile ya kanisani.

"Kitabu kinasema, huyu mweusi na mweupe ni dume. Hukaa karibu na nyumba. Na huyu wa kijivu ni jike lake. Hukaa karibu na maji, akilea. Ni ndege mmoja."

"Kama watu," baba mdogo akasema. "Mwanamume barazani, mwanamke majini."

Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka na wanawake, karibu kabisa. Ukurasa uliponipitia niliangalia ubavuni. Mweusi na mweupe alikuwa namba tatu. Wa kijivu alikuwa namba nne. Hapakuwa na kiduara cha mshale wala kiduara cha msalaba. Nilisema taratibu, "Mzee, namba ni mbili."

Hakunitazama. "Namba ni za mchoraji. Maneno ndiyo yenye habari."

Nami nilikuwa na jambo lingine zaidi ya namba. Mvua zilizotangulia nilikuwa nimeona kiota cha wale wa kijivu, kwenye ukingo, chini ya majani yaliyoinama. Nilikaa hapo nusu siku. Walikuwa wawili wanaolisha, na wote wawili walikuwa wa kijivu, wote na shanga zao nyeusi. Nilimwonyesha binti yangu. Kwa hiyo nilijua. Lakini barazani pale, mbele ya ukoo, nikiwa mke aliyeolewa kwenye ukoo ule, nilianza kujirekebisha macho. Nikajiambia labda wale wawili walikuwa majike wote. Labda walikuwa wake wenza, mume yuko uani kwa watu. Usicheke. Hivyo ndivyo nilivyofikiri, mwanamke mzima, ili mume wangu asiwe mwongo.

Mwenzangu hakumtazama mume wangu. Alinitazama mimi. "Dada, wewe ndiye unayekaa nao bondeni. Unasemaje?"

Ningeweza kusema, nimeona wawili wa kijivu kwenye kiota kimoja. Maneno hayo hayazidi pumzi moja.

"Kitabu kimesema," nikajibu.

Alikunja khanga yake magotini taratibu, akainuka. "Sawa," alisema. "Basi ndege wamekubaliwa kuoana. Watoto wetu ndio wamekuwa ndugu."

Waliondoka bila kumaliza rubisi, na kwetu kuacha kibuyu na kitu ndani ni neno zito kuliko tusi.

Binti yangu alikuwa nyuma, anaosha vyombo. Hakulia. Alisimama na bakuli linatiririka maji. "Mama, si wewe uliyenionyesha kile kiota? Si wote wawili walikuwa wa kijivu?"

"Mtoto habishani na kitabu."

"Sikubishana na kitabu. Nakuuliza wewe uliona nini."

Nilimwambia amalize vyombo.

Mwaka haukuisha, akaolewa Ihembe, kwa mtu mwenye kibanja kikubwa na mibuni mistari kwa mistari, chaguo la baba yake. Alikwenda bila ubishi, na hilo ndilo lililonitia hofu. Mwenzangu aliendelea kunisalimu njiani, salamu kamili, za nyumbani na za mifugo, halafu anapita. Mafunjo alianza kukata upande wa pili wa bonde. Mimi ukurasa ule niliukunja katikati, ili mkono wangu ukifungua kitabu usiangukie pale. Miaka ikapita hivyo. Nilifungua ndege wengine wote, hao watikisa mkia sikuwafungua.

Vita ya ng'ambo ilipolipuka na watu wakavuka mto kwa maelfu, njia zetu zikajaa. Baadaye upande ule ulipotulia, wale wa zamani pia walianza kurudi kwao, na mwenzangu na mumewe wakawa miongoni mwao. Kijana wao alikuwa ameshaondoka zamani, nasikia alioa huko. Mwenzangu alikuja kuniaga. Alisimama pale uani, hakukaa. Aliniachia kisu chake cha kukatia mafunjo. "Kule kwetu ni milima," alisema. "Sitakihitaji." Nilitaka kusema kitu, sikujua kitu gani, kwa sababu bado nilikuwa naamini, au nilikuwa nimeamua kuamini. Akaenda. Hilo ndilo ninalolirudia kila siku: angekaa miezi miwili tu, angenikuta na neno la kumwambia.

Maana miezi miwili baadaye alikuja mwalimu wa kike, wa sekondari mpya, amepanga chumba kwa jirani. Alisikia kuna bibi mwenye kitabu cha ndege, akaja na kilo ya sukari, akapiga magoti akasema shikamoo, akaomba kukiona. Kijana mwenye adabu. Tulikaa dirishani kwa sababu nje kulikuwa na manyunyu. Alikuwa ananisomea hapa na pale, na mahali pengi maneno yake na ya penseli ya mzee yalikuwa mamoja. Nikawa naona fahari ile ya zamani inarudi. Kisha akafika kwenye ukurasa uliokunjwa, akaukunjua kabla sijasema kitu.

"Hawa wote wapo hapa, bibi?"

"Wapo. Hao wawili ni mtu na mkewe."

Alisoma kimya, midomo inacheza. "Hapana, bibi. Hawa ni ndege wawili tofauti."

"Soma tena."

Akasoma tena, akinigeuzia neno kwa neno. Namba tatu, dume na jike hufanana, jike rangi imefifia kidogo tu. Hupenda kukaa karibu na nyumba za watu. Namba nne, dume na jike hufanana. Kingo za maji na vinamasi vya nyanda za juu. Halafu akasogeza kitabu kwenye mwanga wa dirisha, akakiinamisha. "Hapa palikuwa pameandikwa kitu, bibi. Kimefutwa."

Nilichukua kitabu. Kurasa zote zilikuwa na penseli ya mzee, huu ndio uliokuwa mtupu. Lakini nimesema alikuwa anakandamiza sana. Mwanga ulipopita ubavuni, maneno yalijitokeza kwenye karatasi kama nyayo kwenye tope lililokauka. Hayakuwa ya Kiingereza. Nilijisomea mwenyewe, bila msaada wa mtu. Dume na jike hufanana. Na chini, kwenye namba nne, tena: dume na jike hufanana.

Ningemsamehe mtu asiyejua Kiingereza. Aibu ya kutojua naielewa, nimeishi nayo. Lakini yeye alikuwa anajua. Alikaa chini ya mibuni na kamusi yake juma zima, akapata jibu, akaliandika, akalifuta, akavaa koti la kanisani.

Mwalimu alipoondoka nilimkuta mzee uani anageuza buni kwenye mkeka. Alikuwa ameshazeeka, magoti yanamsumbua. Niliweka kitabu juu ya kahawa, mbele yake, kimefunguliwa.

"Ulifuta wewe?"

Alikitazama kwa muda. Hakuuliza nimeuliza nini. "Mama, yale yalipita."

"Nimekuuliza kama ulifuta."

"Nilifuta."

"Kwa nini?"

Aliendelea kuvuta buni kwa kiganja, akizipanga. "Ningewaambia nini wale watu? Mimi ndiye niliyesimama kanisani nikasoma kwamba mgeni ni ndugu yako. Ningesimama tena niseme sitaki binti yangu aende kuishi ukingoni mwa tope, kwa watu ambao hata hawajui kesho watalala nchi gani? Na si wamekwenda? Angekuwa wapi sasa?"

"Kwa hiyo ukamtuma ndege akaseme."

"Nikamtuma ndege."

"Na mimi ukanituma."

Aliokota buni mbovu akaitupa pembeni. Nilisubiri hadi manyunyu yakaanza tena na buni zikawa zinalowa, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu sikumsaidia kukunja mkeka.

Sikumfukuza, sikuondoka. Umri ule mtu haendi popote. Nilimpikia, nilimfulia, nilimkanda magoti. Lakini kitabu hakukigusa tena, na kanisani alipokuwa anasoma nilikuwa nikitazama mikono yake, siyo uso. Kila neno alilonisomea barazani miaka ile nililipeleka upya bondeni kulihakiki. Mengi yalikuwa kweli. Hata lile la kifuniko cha sufuria lilikuwa kweli, limeandikwa, mwalimu alinithibitishia. Kumbe la kweli ndilo nililolicheka kama uongo, na la uongo ndilo nililolimeza barazani.

Alikuwa amebaki mtu mmoja wa kuambiwa. Nilifunga kitabu kwenye khanga, nikapanda gari la mizigo la mnada, nikafika Ihembe jua limepanda. Binti yangu alikuwa uani anaanua maharage. Alikuwa mama wa watu sasa, mwili umejaa, uso ule ule mkimya. Alinisalimu akaniwekea kiti. Sikukaa. Nilifunua ukurasa, nikamwelekezea mwanga, nikamwonyesha maneno yaliyofutwa, nikamwambia yote, pamoja na namba tatu na namba nne, pamoja na kile nilichoona kwenye kiota na nikakinyamazia.

Alisikiliza hadi mwisho. Alipitisha kidole juu ya karatasi mara moja tu.

"Baba nilimjua," alisema. "Kwa baba sikushangaa."

Alinirudishia kitabu akaenda kumalizia maharage yake. Mimi nikabaki na kitabu mikononi, nikitafuta pa kukiweka.

Basi hapo ndipo alipokuja yule ndege mweusi na mweupe, kutoka paani, akatua katikati ya maharage. Akatembea mbele ya binti yangu kama mwenye nyumba, mkia unapanda, unashuka. Binti yake mdogo wa mwisho, mjukuu wangu, aliokota gunzi amtupie.

"Weka chini," mama yake alimwambia. "Huyo hapigwi hapa."

Nilishangaa. Muziro wa mkwe wangu wa Ihembe naujua, ni mnyama wa porini, hauhusiani na mbawa. Muziro wa baba yake ni yule wa kijivu. Huyu hakuwa wa nyumba hii wala wa nyumba alikotoka.

"Huyo si muziro wenu," nikasema.

Binti yangu alisogeza ungo pembeni, taratibu, ndege apite.

"Najua, Mama," alisema. "Ana namba yake."